UZI: Kabla ya tingatinga, vishimo. Nani anakagua ardhi ya Taita Taveta kabla ya ujenzi?

1/ Huku kwetu mradi mkubwa ukitangazwa tu, iwe ni barabara, reli, bwawa ama laini ya stima, watu hugawanyika pande mbili chapu chapu. Upande mmoja unasema: "Hawa watu wa mambo ya kale wanatuchelewesha maendeleo." Upande wa pili unajibu: "Mnafukua makaburi ya wazee wetu." Halafu matusi. Halafu kila mtu anaenda kulala, na mradi unaendelea vile ulivyopangwa.

2/ Leo tuangalie katikati ya hizo kelele mbili. Ukaguzi wa akiolojia kabla ya ujenzi ni nini hasa? Sheria ya Kenya inasema nini? Nani analipa, nani anaamua, na shimo liko wapi kwenye mfumo wenyewe? Sheria za uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwa maoni, najifanya sijaona.

3/ Tuanze na kazi yenyewe, manake wengi wanafikiria ni watu wenye kofia wakipangusa mifupa na brashi kwa miaka kumi huku barabara imesimama. Hapana. Ukaguzi wa kabla ya ujenzi unaenda kwa hatua, na hatua za mwanzo ni za haraka na za bei nafuu.

4/ Hatua ya kwanza ni mezani. Ramani za zamani, picha za angani, utafiti uliokwisha kuchapishwa, kumbukumbu za serikali. Na kama kazi inafanywa vizuri, mazungumzo na wazee wa hapo. Swali ni moja tu: je, kuna sababu ya kuamini kwamba watu waliishi, walizika, walifua chuma ama walipigana mahali hapa?

5/ Hatua ya pili ni miguu. Watu wanajipanga mstari, wanaachana hatua kadhaa, wanatembea eneo lote macho chini. Wanatafuta vigae vya vyungu, shanga, mawe yaliyochongwa, majivu, kuta za mawe zilizobomoka, na mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi mazito yanayobaki mtu akiyeyusha chuma. Ukiwa umekulia Kasigau ama milimani pengine umewahi kuyapiga teke ukienda shule, na hukujua ni ushahidi wa kiwanda.

6/ Hatua ya tatu ndiyo ile ya vishimo. Unachimba vishimo vidogo vya majaribio kwa umbali maalum, ama mtaro mmoja mwembamba, kuona kama kuna kitu chini na kama tabaka za udongo bado ziko sawa. Lengo si kutoa kila kitu. Lengo ni kujibu: kuna nini, kimeenea mpaka wapi, na kina uzito gani?

7/ Baada ya hapo kuna majibu manne. Moja, hakuna kitu, endeleeni kujenga. Mbili, kuna kitu lakini ukisogeza mradi mita kadhaa unakikwepa. Tatu, huwezi kukwepa, kwa hivyo chimbeni kitaalamu na mwandike kila kitu kabla hakijapotea. Nne, mahali hapa ni pazito sana, msiguse. Hiyo ya nne ndiyo inapigiwa kelele kwenye siasa kana kwamba ndiyo jibu la kila siku. Moja, mbili na tatu zinamaliza mambo bila kufuta mradi wowote.

8/ Mfano wa mbali kidogo. Phoenix, Arizona, huko Marekani, ni jiji lililojengwa juu ya vijiji na mifereji ya watu ambao wanaakiolojia huwaita Hohokam. Walilima jangwa kwa kumwagilia maji hadi karibu mwaka 1450. Baadhi ya mifereji ya kisasa ilifuata njia zile zile za kale. Hata jina la jiji limetoka kwa yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwa majivu yake, manake walijua wanajenga juu ya magofu.

9/ Kwa hivyo pale, mradi ukitumia pesa ama kibali cha serikali kuu, sheria ya mwaka 1966 inalazimisha mwenye mradi aangalie kwanza kama kuna mabaki ya kale na athari itakuwa gani. Kama kuna dalili za kijiji, mitaro ya majaribio inachimbwa kabla ya msingi. Wao'odham, wanaosema hao Hohokam ni mababu zao, wanapewa nafasi ya kusema, hasa mifupa ya watu ikipatikana. Jiji halijaacha kukua. Ni mojawapo ya majiji makubwa kabisa Marekani.

10/ Sasa rudi nyumbani. "Lakini huku kwetu ni kichaka tu na ndovu, kuna nini cha kukagua?" Hii ndiyo sentensi inayoniuma zaidi kwenye huu mjadala wote, kwa sababu inasemwa na watu wetu wenyewe. Wacha nihesabu kidogo.

11/ Kando ya mto Galana, ndani ya Tsavo Mashariki, wanaakiolojia wamepata mabaki ya wafugaji walioishi hapo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Yaani mahali ambapo leo tunaambiwa "hii ni ardhi ya wanyama tangu jadi," watu walikuwa wanachunga mifugo kabla ya Yesu kuzaliwa. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1948. Hiyo si jadi. Kuna shosho na guka huku wameizidi hiyo mbuga umri.

12/ Kasigau: kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, Chapurukha Kusimba na Sibel Kusimba walifanya utafiti Tsavo na kuzunguka ule mlima. Walikuta mapango ya miamba yaliyozibwa kwa kuta za mawe, sehemu za kuyeyushia chuma, na dalili za biashara na Pwani. Zile kuta zinaeleweka ukikumbuka enzi za misafara ya pembe na watumwa: watu walihitaji mahali pa kujificha. Mtu akipitisha tingatinga pale anavunja ushahidi wa jinsi watu walivyojiokoa.

13/ Milima ya Taita: mapango ya mafuvu. Wazee walizikwa, na baada ya muda fuvu likatolewa na kuwekwa pangoni pamoja na ya ukoo. Kuna pia fighi, zile sehemu za msitu zilizotengwa kulinda jamii, ambazo si kila mtu aliruhusiwa kuingia. Kwa mhandisi aliyefika juzi, fighi ni miti. Kwenye picha ya setilaiti pia ni miti. Hakuna mashine itakayokuambia pale ni mahali patakatifu. Lazima uulize mtu.

14/ Halafu ule ukanda wa Voi, Mwatate, Maktau, Mbuyuni hadi Taveta. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 kulikuwa na vita vya Salaita. Makaburi ya wanajeshi wa hiyo vita yako Voi, Maktau na Taveta, yamepangwa vizuri na yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola.

15/ Lakini hao ni waliopewa kaburi lenye jina. Wapagazi wa Kiafrika, wale wa "Kariakoo", walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Sasa fikiria unajenga kwenye njia ile ile waliyopita wakibeba mizigo. Unaweza kusema kwa uhakika chini hakuna mtu, bila kuchimba hata kishimo kimoja?

16/ Kisa kimoja kinachoonyesha tofauti ya macho. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli la Tsavo, mhandisi Patterson aliona pango lenye mifupa ya watu. Akaandika kwamba ni nyumba ya wale simba wala watu. Dunia nzima ikaamini. Pango lilipopatikana tena mwaka 1997 na watafiti kulitazama upya, ilisemwa huenda halikuwa pango la simba hata kidogo, bali mahali pa maziko ya wenyeji. Mjenzi aliona simba. Mtaalamu aliona uwezekano wa makaburi ya watu. Mifupa ilikuwa ile ile.

17/ Haya, sheria. Kenya hatuna sheria inayosema kwa maneno ya moja kwa moja "kila mradi mkubwa uchimbe vishimo vya akiolojia kwanza." Tuna vipande vitatu ambavyo ukiviunganisha vinakaribia hapo.

18/ Kipande cha kwanza: Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, pamoja na kanuni za tathmini za 2003. Miradi mikubwa lazima ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla NEMA haijatoa leseni. Na kati ya mambo ya kuangaliwa ni athari kwa utamaduni na vitu vyenye thamani ya kitamaduni. Kwa hivyo urithi umo ndani. Lakini umo kama mstari mmoja katika orodha ndefu ya vumbi, kelele, maji taka na wanyama.

19/ Kipande cha pili: Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Hii inasema ukigundua kitu cha kale, uyajulishe Makavazi ndani ya siku 7. Huwezi kujichimbia mambo ya kale bila leseni. Na serikali inaweza kutangaza mahali kuwa mnara wa kitaifa kupitia gazeti rasmi. Pia Makavazi yana wataalamu wanaoweza kuitwa kufanya tathmini ya urithi kabla ya mradi. Neno la kuangalia hapo ni "kuitwa".

20/ Kipande cha tatu: Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kama msingi wa taifa. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishwaji wa wananchi kama kanuni ya utawala. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo hiyo ripoti ambayo unaambiwa "iko ofisini Nairobi".

21/ Na hizi si maneno ya kwenye karatasi tu. Aprili 2018, Mahakama Kuu kule Malindi, kwenye kesi ya wavuvi dhidi ya mradi wa bandari ya Lamu, iliona kwamba haki ya utamaduni ya wenyeji ilikiukwa, mbali na mambo ya mazingira. Juni 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hapo hapo Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, 2010, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi Waendorois wa Ziwa Bogoria, na mahali pao pa ibada na matambiko palihesabiwa kwenye hoja.

22/ Sasa shimo liko wapi? Naona manne.

La kwanza: anayeajiri mtaalamu wa tathmini ni mwenye mradi. Mtaalamu anajua kama ripoti itakuwa na matatizo mengi, kazi ijayo atapewa mwingine. Simaanishi kila mtaalamu ni mwongo. Namaanisha mfumo unamlipa mtu kutoona.

23/ La pili: timu nyingi zina mtu wa mimea, mtu wa wanyama, mtu wa uchumi na jamii. Mwanaakiolojia si lazima awepo. Nilipokuwa nafanya kazi ya darasa nilisoma ripoti moja ya mradi wa huku kwetu, siutaji, kurasa zaidi ya mia mbili. Sehemu ya urithi wa kale ilikuwa sentensi moja: hakuna maeneo ya kitamaduni yaliyoonekana. Hakuna maelezo ya nani alitembea, siku ngapi, aliuliza nani. "Hatukuona" na "hakuna" ni vitu viwili tofauti kabisa.

24/ La tatu: ugatuzi uliacha mpaka wenye ukungu. Nyaraka ya Nne ya Katiba inaipa serikali kuu minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zinapewa makumbusho na shughuli za kitamaduni. Sasa pango la mafuvu la ukoo mmoja pale Wundanyi ni la nani? Si la "umuhimu wa kitaifa" kwa karatasi. Na kaunti itakuambia mambo ya kale ni ya Nairobi. Kila ofisi inaonyesha kidole kwa nyingine, na tingatinga halisubiri vidole.

25/ La nne, na hili hatulisemi: mwananchi anaogopa kuripoti. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali kisheria. Kwa hivyo mkulima akipiga jembe na kukuta chungu kizima, wazo la kwanza si "nipigie Makavazi." Wazo ni "wakijua, watachukua shamba." Hasa kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi ni mbuga, na sehemu nyingine kubwa ni mashamba ya mkonge na ranchi. Mtu aliyebanwa hivyo anafukia kimya kimya. Simlaumu.

26/ Hapa ndipo tunafika kwa kiini cha mambo. Kwa nini hii si hobi ya maprofesa? Kwa sababu Taita Taveta siasa yote ni ardhi, na siasa ya ardhi ni swali moja: nani alikuwa hapa kwanza, na aliondokaje?

27/ Chukua Wakasigau. Mwaka 1915 wakati wa vita, Wajerumani walivamia Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui. Wakawang'oa watu wote wa mlima huo na kuwapeleka upande wa Malindi. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudi miaka ya 1930. Ukiwa afisa wa kikoloni na unachora ramani wakati watu wako uhamishoni, unaandika nini kwa ile ardhi? "Tupu."

28/ Karatasi zilizoandikwa na mtu aliyekufukuza haziwezi kuwa shahidi wako wa pekee. Lakini kuta za mawe, matuta ya mashamba, tanuri za chuma na makaburi hayajui kudanganya. Yako pale yalipo. Si hati miliki, tusidanganyane, hakuna ofisi ya ardhi itakayokupa cheti kwa sababu ya kigae. Lakini Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipewa na Katiba kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na dhuluma ya kihistoria inahitaji ushahidi wa kihistoria.

29/ Kwa hivyo mradi ukipita bila ukaguzi, kinachopotea si "vyungu vya kale". Ni ushahidi wa kesi ambayo pengine hata bado haijafunguliwa. Na barabara unaweza kuirudia, ukaikwangua lami ukaweka nyingine. Tabaka la udongo likishachanganywa na tingatinga, hakuna mahakama itakayolipanga tena.

30/ Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, manake uzi huu si wa kuwapigia makofi watu wa urithi.

Wale wanaosema "mnatuchelewesha" wana hoja. Mama anayebebwa kwa pikipiki kwenda kujifungua kwa barabara mbovu hana muda wa kusikia kuhusu tanuri za chuma. Maji hapa ni shida ya kila siku, wakati bomba la Mzima linapeleka maji Mombasa tangu enzi za mkoloni. Ukimwambia mtu wa Voi asubiri bomba lake kwa ajili ya vigae, atakuuliza kwani wewe unakunywa nini.

31/ Na kuna watu wanaotumia utamaduni kama ngao. Leo anasema hapa ni patakatifu, kesho fidia ikiongezwa, utakatifu unaisha. Kwingine mwenye shamba jirani anataka mradi upite kwake, ghafla anakumbuka mizimu ya kwa mwenzake. Tunawajua. Lakini ona: dawa ya huyu mjanja ni ukaguzi huo huo. Vishimo vikichimbwa mapema na matokeo yakiwa wazi, ukweli na uongo vinaachana mapema.

32/ Hata hoja ya kuchelewa ukiiangalia vizuri inageuka. Ukaguzi ukifanywa wakati mradi bado uko kwenye ramani, kusogeza njia ni kazi ya kalamu. Mifupa ikifukuliwa wakati mitambo ya kukodi tayari iko uwanjani, kila siku ya kusimama ni pesa, vijana wamekasirika, wazee wanataka tambiko, mkandarasi anatishia kudai hasara. Kwa hiyo kinachochelewesha hasa ni kukagua ukiwa umechelewa.

33/ Wakopeshaji wa kimataifa walishalielewa hili. Benki ya Dunia ina kiwango maalum cha urithi wa kitamaduni, kimeanza kutumika Oktoba 2018. Kinadai, pamoja na mambo mengine, utaratibu wa nini kifanyike kitu cha kale kikitokea ghafla wakati wa kuchimba: simamisha, zungushia, ita mtaalamu. Cha kushangaza ni kwamba mradi wa mkopo wa nje unaweza kuwa na masharti makali zaidi ya urithi wetu kuliko mradi wa pesa zetu wenyewe.

34/ Basi tufanye nini? Haya ni maswali matano ya kubeba kwa baraza ama kikao cha maoni. Yanafaa kwa mradi wowote na kwa mwanasiasa yeyote, awe unampenda ama humpendi.

Moja: Nani alifanya ukaguzi wa urithi, na ana ujuzi wa akiolojia?
Mbili: Walitembea wapi, siku ngapi, na walichimba vishimo vingapi?
Tatu: Waliongea na wazee gani, na wanawake waliulizwa?
Nne: Kitu kikipatikana katikati ya ujenzi, nani ana mamlaka ya kusimamisha mashine?
Tano: Vikitolewa, vitakaa wapi? Kaunti hii ama stoo ya Nairobi?

35/ Hiyo ya tatu usiichukulie poa. Wazee wanaoitwa kwa vikao mara nyingi ni wale wale wanaojulikana na chifu. Lakini anayejua ni wapi jembe hugonga kitu ni mama anayelima pale kila msimu. Na hiyo ya tano ni siasa pia: simba wa Tsavo waliuzwa na Patterson na wako Chicago mpaka leo, karibu miaka mia. Ukikosa kuuliza kitu kinaenda wapi, kinaenda mbali.

36/ Mambo ya muda, andika mahali. Ripoti ya tathmini ikikamilika, NEMA hutangaza kwenye gazeti rasmi la serikali na magazeti ya kawaida, na wananchi kwa kawaida hupewa siku 30 kutoa maoni. Maoni yanaweza kuwa ya mdomo ama ya maandishi. Leseni ikitolewa na hukuridhika, kuna siku 60 za kukata rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira. Ukiamka siku ya 61 na bango kubwa, utapigwa picha nzuri, lakini mlango huo utakuwa umefungwa.

37/ Kwa wanaotafuta kura, sitaji mtu, ahadi tatu ambazo hazigharimu mabilioni. Kaunti iwe na ramani ya maeneo ya urithi, fighi na mapango yakiwemo, wenyeji wakikubali, na ya siri yabaki siri. Kaunti iajiri japo mwanaakiolojia mmoja wa kusoma hizo ripoti kabla ya siku 30 kuisha. Na mwananchi anayeripoti kitu cha kale ahakikishiwe kwa maandishi kwamba hatapoteza shamba lake kwa kusema ukweli.

38/ Nikimalizia. Ukisikia mtu amesimama jukwaani anasema "huku hakukuwa na mtu, ni pori tu," muulize amechimba wapi. Hayo maneno tulishaambiwa, 1915 na tena 1948, na kila mara yaliposemwa, kuna mtu alikuwa tayari ameondolewa.

Maswali wekeni hapo chini. Na kama kwenu kuna mavi ya chuma ama kuta za mawe, tuambie tu ni upande gani wa kaunti. Usiweke mahali kamili hadharani, wezi wa vitu vya kale pia wanasoma.